Plasta ya Kuishi

Fundi wa plasta alinipa pole ya kufiwa na mama siku ambayo mama alikuwa hospitalini Nakuru akinyweshwa uji kwa kijiko.

Alikuwa ameshuka kwenye pikipiki pale langoni, mfuko wa miiko ya plasta ukining'inia begani, suruali imetapakaa simiti ya nyumba za watu wengine. Jina lake Dalmas, Mluhya aliyezaliwa Nakuru, ambako babu yake alikuja zamani kufanya kazi ya reli. Alivua kofia, akainamisha kichwa jinsi watu wafanyavyo.

"Pole sana, madam. Mungu awape nguvu. Mathe amepumzika."

"Mathe gani?" nikamuuliza.

"Mwenye hii boma. Si nyinyi ndio mmefiwa?"

"Mama yangu hajakufa," nikamwambia. "Ako ward. Leo asubuhi amekunywa uji."

Dalmas alibaki na kofia mkononi, hajui kama airudishe kichwani au la. Akayatazama madirisha mapya, bado yana karatasi zake za buluu. Akautazama mchanga uliomwagwa uani. Sikumlaumu. Huku kwetu Keringet, ukiona nyumba ya mzee imebadilishwa madirisha ghafla na nyasi za kando ya njia zimefyekwa, huulizi nani anaoa. Unauliza mazishi ni lini. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Huyu wetu hakuulizwa hata kama bado yu hai.

Tuko wawili tu kwa mama. Kiplangat ndiye mkubwa, ana kazi nzuri mjini Nakuru na nyumba yake Kiamunyi, madirisha makubwa ya alumini yanayoteleza kwa kidole kimoja. Mimi ni Chemutai, kitinda mimba, niliyeolewa nikarudi. Nalima viazi, nakama ng'ombe, nalala chumba cha pili kutoka kwa mama. Kwa hiyo nayajua yale madirisha ya zamani kuliko mtu yeyote, maana baridi iliyopitia kwayo nililala nayo mimi pia.

Baba aliijenga nyumba ile kwa mawe, akaweka madirisha ya mbao na vioo. Baba akafa, mbao zikavimba kwa ukungu, vioo vikapasuka kimoja kimoja. Mama akaziba kwa katoni. Katoni zikilowa, akaziba kwa magunia ya viazi. Mwezi wa Julai ukungu wa Keringet hauna adabu, unaingia hadi kitandani. Kila Krismasi Kiplangat akija na familia yake, mama alimwambia, bila kulalamika, "Kiplangat, hii baridi itanimaliza." Naye alijibu, "Mwaka ujao, Mama." Mwaka ujao wa Kiplangat haukuwa na mwezi wala tarehe.

Basi Julai hii baridi ikamshika kifuani. Tulimteremsha Nakuru akiwa hawezi kumaliza sentensi. Wakamwekea oksijeni, na siku ya pili daktari akatuita kwenye korido akatuambia tujiandae. Mimi nikaenda kumtafuta mchungaji. Kiplangat akaenda kutafuta madirisha.

Nilipopata habari nilimpigia simu kwa hasira.

"Mama anapumua, wewe unanunua madirisha ya matanga?"

"Chemu, wacha hizo," alisema. "Watu watakuja kutoka Bomet, Kericho, kanisa yote, watu wa job yangu. Unataka wakute magunia kwa dirisha?"

"Yeye je? Si amekuwa akikuta hayo magunia kila siku?"

Alikata simu. Ningeweza kusimama mlangoni nikawazuia mafundi. Sikusimama. Yeye ni mwana wa kwanza, mimi ni msichana aliyerudi nyumbani, na neno langu katika boma lile halina kiti.

Watu wa alumini walikuja wakang'oa mbao za baba kwa mtarimbo. Ni watu wa kubomoa na kuondoka. Dirisha jipya likawa dogo kuliko tundu lake, plasta ya ndani imebanduka hadi mawe yanaonekana, na nafasi zilizobaki wakazijaza magazeti yaliyokunjwa. Ukikaa sebuleni uliona dirisha zuri linang'aa katikati ya ukuta ulioraruka. Kwa hiyo akatafutwa Dalmas, fundi wa kumalizia.

Siku ile nilimpa chai, maana kosa halikuwa lake. Alikunywa akitazama chini, kisha akaniambia, "Madam, kuna plasta mbili. Kuna ya kuishi na kuna ya matanga. Ya kuishi unatoa uchafu wote, unalowesha mawe, unaweka simiti ya kutosha, halafu unaimwagilia maji asubuhi na jioni hadi ishike. Ya matanga ni mchanga mwingi na simiti ya kuonyesha tu. Unapaka, unapiga rangi, inangoja wageni waende. Sasa huyu boss alisema anataka ya matanga. Lakini kama mathe yuko hai..."

Alimpigia Kiplangat mbele yangu. Nilisikia sauti ya kaka yangu ikitoka kwenye simu, ya mtu aliye katikati ya mambo mengi. "Piga vile tuliongea. Wikendi ijayo tunaweza kuwa na watu."

Dalmas akapiga vile waliongea. Alifanya kazi kimya, bila kupiga mluzi wala kuwasha redio, na kila nilipopita na ndoo ya maziwa alisogea pembeni kana kwamba nabeba maiti.

Mungu hana kalenda ya Kiplangat. Jumanne mama alitolewa oksijeni. Jumatano akauliza kama ng'ombe wake amepandwa. Alhamisi nikiwa shambani Kiplangat akanipigia. "Wanamwachilia kesho," alisema, na sauti yake ilikatika katikati. Nilipiga magoti kwenye matuta ya viazi nikamshukuru Mungu kwa sauti, hata majirani wakasikia. Nilipoinuka nikakumbuka madirisha.

Yeye pia alikuwa ameyakumbuka. "Tutamwambia ni surprise," alisema. "Tumemtengenezea nyumba akiwa hosi. Mwambie fundi amalize leo, apige rangi."

Nilimpelekea Dalmas simu, akakataa kwanza. "Boss, hii bado mbichi. Rangi itavimba ikuwe malengelenge."

"Piga."

Akapiga. Rangi ya krimu, nzuri machoni, juu ya plasta ambayo ukiigusa bado iliacha unyevu kidoleni. Nilifagia mchanga uani, nikaficha mbao za baba nyuma ya zizi, nikachoma magazeti yaliyobaki. Sikutaka mama ajue. Namchukia mtu anayedanganya, lakini siku ile nilidanganya kwa mikono yote miwili, kwa sababu nilijua habari ile ingempata pale ambapo nimonia haikufika. Mtu anaweza kupona ugonjwa. Kujua kwamba mwanao wa kwanza amekwisha kukuhesabu pamoja na waliolala, hilo sikujua kama linaponeka.

Walimleta Ijumaa mchana, amevikwa blanketi, amekonda hadi pete ya baba inazunguka kidoleni. Akina mama wa kanisa walikuwa wamekuja kuimba. Mama alisimama mlangoni akayaona madirisha, akashika kifua.

"Haya ni yangu?"

"Ni yako, Mama," akasema Kiplangat.

Mama alimshika mkono mbele ya watu wote. "Kongoi, Kiplangat. Kongoi mising." Asante, mwanangu, asante sana. Kisha akamwomba mchungaji ashukuru kwa ajili ya mtoto anayemkumbuka mamake. Tulifumba macho. Mimi nilifumbua moja nikamtazama kaka yangu, na uso wake ulikuwa wa mtu anayemezeshwa dawa chungu mbele ya wageni.

Asubuhi iliyofuata mama alitaka kiti chake kisogezwe karibu na dirisha la sebuleni. Jua lilikuwa limetoka. Kutoka pale unaona shamba letu la viazi, kijito, na ng'ambo ya kijito nyumba ya marehemu mzee Kimaiyo. Kimaiyo alikaa miaka na miaka kwenye nyumba inayovuja. Alipokufa wanawe walileta mafundi, na siku ya mazishi nyumba iling'aa kama ya gavana. Kabla mahindi hayajakomaa plasta ilikuwa imeanguka yote, nyuki wakahamia kwenye pengo la dirisha. Mama alikuwa na mzaha wake kuhusu nyumba ile. Alisema Kimaiyo alijengewa nyumba ya siku moja, na siku yenyewe hakuwepo.

Niliingia na chai nikamkuta anaitazama ng'ambo. Hakuwa anacheka. Mkono wake ulikuwa kwenye ukuta, pale ukingo wa ndani unapokutana na alumini. Mama alisiriba nyumba yake ya kwanza kwa udongo na mavi ya ng'ombe, mimba ya Kiplangat ikiwa tumboni. Hakuna wa kumdanganya kuhusu ukuta. Alibonyeza kwa kidole gumba. Rangi ikapasuka, na mchanga ukamiminika kwenye sahani ya kikombe chake. Akabonyeza tena. Ukamiminika tena, bila kushikana, hadi kona ya gazeti ikajitokeza.

"Chemutai," akasema. "Mwite kaka yako. Na huyo fundi."

Kiplangat alikuwa amelala kwetu, sasa anajiandaa kurudi mjini, funguo za gari mkononi. Dalmas alikuwa jikoni akikwangua matone ya rangi kwenye vioo. Waliingia pamoja wakasimama. Mama alikuwa ameiweka sahani ya mchanga mezani, mahali ambapo huwekwa sukari.

"Fundi, kuja karibu. Hii kazi ni yako?"

"Ndio, mathe."

"Hii plasta ni ya aina gani?"

Dalmas alimtazama Kiplangat.

"Usiangalie yeye. Ukuta ni yangu. Ni ya aina gani?"

"Ni... ni ya haraka, mathe."

"Haraka ya kwenda wapi?"

Ng'ombe alilia nje, akanyamaza. Kiplangat alianza kusema kwa lugha yetu, kwa sauti ya chini, lakini mama alimkata.

"Ongea Kiswahili. Huyu mtu pia alitumwa kunizika, wacha asikie."

"Mama, daktari alisema tujiandae."

"Na wewe ukajiandaa."

"Watu wangekuja. Sikutaka waone..."

"Waone nini?"

"Waone vile ulikuwa unaishi."

Neno lilimtoka kabla hajalipima. Nilimwona analisikia, pale pale, kana kwamba limesemwa na mtu mwingine aliyesimama nyuma yake.

"Waone vile nilikuwa naishi," mama alirudia polepole. Kifua chake bado kilikuwa dhaifu, ilibidi apumzike kati ya maneno. "Lakini wewe ulikuwa unaona, Kiplangat. Kila Krismasi ulikuwa unaona. Nilikuomba dirisha nikiwa na meno. Nilikuomba nikiwa na kifua nzima. Hukuwa na haraka. Kumbe dawa ilikuwa nife kwanza."

Kiplangat ni mtu mkubwa, mwenye kitambi na heshima zake. Alikaa chini sakafuni, akafunika uso kwa mikono, akalia kwa sauti. Kwa miaka mingi nilikuwa naingojea siku ile. Nilidhani nitafurahi, nilikuwa hata na maneno yangu nimeyaweka akiba. Yote yalinipotea. Nilimwona tu kaka yangu aliyenibeba mgongoni kuvuka kijito nikienda nasari, na roho ikaniuma.

Mama alimwacha alie. Alipotulia akasema, "Sijasema wewe ni mtoto mbaya. Mtoto mbaya hata ya matanga haleti. Lakini mimi bado naishi hapa." Akamgeukia Dalmas. "Fundi, toa hii yote. Nipigie ya kuishi."

"Sawa, mathe," Dalmas akasema. Alikuwa ameshavua kofia tena. "Lakini hiyo inataka subira. Lazima ikunywe maji asubuhi na jioni, siku nyingi. Na rangi tuingoje kabisa. Nyumba itakaa vibaya kwa muda."

"Nitangoja. Si mimi mwenye haraka."

"Na nani atamwagilia? Mimi nitakuwa nimerudi Nakuru."

Mama alinyoosha kidevu kuelekea sakafuni, alipokaa mwanawe wa kwanza. "Huyu."

Siku ile ile Dalmas alianza kukwangua. Tulihamishia mama chumba cha nyuma ili vumbi lisimguse, naye akawa anaita kutoka kule akiuliza wamefika wapi. Plasta ile ilitoka kwa kusukumwa tu na mwiko. Dalmas aliyatoa magazeti yote, akajaza nafasi kwa simiti na vipande vya mawe, akalowesha ukuta, akapaka, akasawazisha kwa ubao, akaupa ukingo wa chini mteremko kidogo. Sasa alikuwa anapiga mluzi. Kiplangat alipiga simu kazini akaomba likizo. Hakuwaeleza ni ya nini, alisema tu kuna shughuli nyumbani.

Ndipo nikamwona kaka yangu, asubuhi na jioni, katika fulana ya zamani ya baba, akipita chumba hadi chumba na ndoo na brashi ya chokaa, akirusha maji kwenye kuta kuzunguka kila dirisha. Mwanzoni maji yalimrudia usoni. Mama alisogezewa kiti, blanketi hadi shingoni, akawa msimamizi. Alimfundisha kama alivyonifundisha mimi kukama. Alimweleza jinsi alivyosiriba ile nyumba ya kwanza, jinsi tumbo lilivyokuwa likigusa ukuta kabla mikono haijafika, jinsi udongo ukikauka mbio unavyopasuka na kazi yote ikawa bure. Sikuwahi kuwasikia wakizungumza kwa muda mrefu hivyo. Krismasi ina kelele nyingi, na mwenye gari huwa anatazama saa.

Jioni moja nilikuwa nachambua mboga mlangoni. Kiplangat alikuwa kwenye dirisha la chumba cha mama, amempa mgongo. Akauliza bila kugeuka, "Mama, utanisamehe?"

Mama alitoa mkono kwenye blanketi, akanyoosha kidole.

"Hapo kona umeruka," akasema.

Kiplangat alirudi kwenye kona. Akaimwagilia taratibu, hadi maji yakashuka ukutani.

Plasta ilishika. Ukiigonga ilitoa sauti ya jiwe. Dalmas alirudi akapiga rangi, safari hii mama mwenyewe akaichagua, kijani kibichi cha majani ya viazi, na hakuna aliyethubutu kumwambia haipendezi. Nyumba ikawa na joto. Mama alivua sweta ndani ya nyumba yake kwa mara ya kwanza tangu baba afe, akaitundika kwenye msumari akaitazama akicheka. Kiplangat akawa anakuja bila kungoja Krismasi. Akija, kabla ya chai, alipitisha kiganja kwenye kingo za madirisha yote.

Lakini kifua kilichokwisha kuharibika hakirudishwi na dirisha. Mvua za vuli zilipoanza, mama alianza tena kukosa pumzi. Alikataa kupelekwa Nakuru. Alisema amengojea chumba chake kiwe kizuri, sasa anataka kukitumia. Alikufa humo asubuhi, dirisha limefungwa vizuri, mvua nje, mimi nimemshika mkono mmoja na Kiplangat mwingine.

Watu walikuja kutoka Bomet na Kericho, na kanisa lote. Mjomba wetu alizunguka nyumba akitafuta cha kurekebishwa, kama ilivyo desturi. Akapendekeza angalau tupige rangi kidogo. Kiplangat alimjibu kwa heshima, "Mjomba, hakuna kitu ya kutengeneza." Dalmas alipanda kutoka Nakuru akiwa na suti. Alivua kofia mbele yangu akainamisha kichwa.

"Pole sana, madam. Mathe amepumzika."

"Asante, Dalmas," nikamwambia. Safari hii hakukosea, na nilimshukuru kwa machozi.

Asubuhi ya mazishi, kabla jeneza halijaletwa, nilimtafuta kaka yangu kila mahali. Mchungaji alikuwa anamuulizia. Nilimkuta chumbani mwa mama, amevaa suti nyeusi, viatu vimeng'arishwa, ndoo miguuni, brashi ya chokaa mkononi. Alikuwa akirusha maji kwenye ukuta kuzunguka dirisha, ukuta uliokauka zamani na kupakwa rangi. Maji yaliteleza juu ya kijani yakamwagika sakafuni. Alimaliza upande mmoja, akahamia kwenye kona, akairudia ile kona mara nyingi.

Sikumwambia kwamba umekauka. Nilimshikia ndoo.